Karamu ya Usiku Uani Wakati wa Kaskazi: Mwongozo Kamili wa Kupamba Meza, Kupika na Bado Kukaa na Wageni Wako

Kuanzia Desemba hadi Machi mchana wa pwani hauna huruma. Kaskazi inavuma, lakini ndani ya nyumba joto linabaki mpaka usiku mkubwa, na feni inazungusha hewa ile ile. Nje mambo ni mengine. Jua likishazama, uani na kibarazani kunakuwa na upepo, maembe yamejaa sokoni, ndugu waliokuja likizo kutoka bara na ng'ambo bado wapo, na masika hayajakaribia. Kwa kualika watu kula usiku, sioni msimu unaoushinda huu.

Karamu za nyumbani zinazoharibika, nyingi huharibika kwa sababu moja: mwenyeji hakukaa. Yuko jikoni anakaanga, anatoka na jasho kuuliza kama chumvi imekolea, anarudi. Wageni wanakula haraka kwa kumwonea huruma, wanaaga mapema. Mgeni hakufuata wali tu, amekuja kukuona wewe. Kwa hiyo kila hatua hapa chini imepangwa kwa kigezo kimoja: chakula kikishapakuliwa, wewe uwe umekaa kwenye kiti chako, umeoga, na huna cha kukuinua kwa saa nzima.

Siku na mwaliko

Panga watu kumi, wenyeji wawili mkiwa ndani ya hesabu. Wakizidi hapo mazungumzo yanagawanyika mafungu mawili, na jiko moja la kuchomea halitoshi. Alika wanane, lakini pika ya watu kumi na wawili. Kwetu mgeni huja na mgeni, na si haki mtu huyo wa ziada aone sahani zinahesabiwa.

Jumamosi ndiyo siku nzuri. Ukiweza, chagua Jumamosi iliyo karibu na mwezi mpevu, kwa sababu uani penye mbalamwezi panahitaji taa chache. Kumbuka tu kwamba tarehe 13, 14 na 15 za mwezi wa Kiislamu wapo wanaofunga sunna, basi weka tende na maji pembeni. Angalia pia kalenda vizuri miaka hii: mwaka 2026 Ramadhani na Kwaresima zilianza wiki moja katika Februari, kwa hiyo mwenye mpango wa karamu ya kaskazi ilimlazimu aiwahi Januari. Samaki, kwa bahati nzuri, hafungi mlango kwa Mwislamu wala kwa Mkatoliki siku ya Ijumaa, na hiyo ni sababu mojawapo ya kumweka katikati ya meza.

Alika wiki moja kabla. Wazee wapigie simu au nenda mwenyewe, usimwalike shangazi kwa ujumbe wa kundi la WhatsApp. Vijana na wenzako wa kazini ujumbe unawatosha. Katika mwaliko sema mambo manne waziwazi: saa, kwamba tutakaa nje, kwamba chakula ni samaki, na kwamba hakuna mchango. Hilo la mwisho usilione dogo. Siku hizi mtu akisikia neno karamu moyo wake unakwenda kwenye pochi kwanza. Halafu uliza: nani hali samaki, nani ana kisukari au presha, nani anadhurika na karanga. Ukiuliza wiki moja kabla ni adabu, ukiuliza sahani ikiwa mkononi ni fedheha kwenu wote wawili.

Mgeni akisema anataka kuja na kitu, mkubalie, lakini mpe jambo ambalo likichelewa halitakuvuruga: matunda, barafu, kashata. Usimwachie mtu mwingine wali.

Kuhusu saa: mwishoni mwa Januari jua la Dar es Salaam huzama kama saa 12:45 hadi 12:50 jioni, na Isha huingia karibu saa 2. Waambie watu saa 1:15 usiku. Watakaokuja mapema watakuwa wameshaswali Magharibi makwao, watakaochelewa watafika kwenye juisi na vitafunio, Isha itaswaliwa hapo hapo, na saa 2:20 mnakaa kula. Ukiwaambia saa 2 kamili, chakula kitaanza saa 4.

Uwanja kwanza, mapambo baadaye

Siku moja kabla, jioni saa ile ile utakayopokea wageni, chukua kiti ukakae uani kwa nusu saa. Utajua upepo unapita wapi, taa ya jirani inamulika wapi na mbu wanatokea kona gani. Hakuna mtu atakayekueleza haya.

Kaskazi huja kutoka kaskazini-mashariki. Basi jiko la makaa liwe upande wa kusini-magharibi wa meza, moshi uende zake bila kupita puani mwa wageni. Meza iwe mahali upepo unapofika lakini usipopiga moja kwa moja, la sivyo mishumaa haitawaka na karatasi zote zitaruka.

Mbu washughulikie wiki nzima kabla. Mwaga maji kwenye ndoo, vifuu, matairi na visahani vya vyungu vya maua, kwa sababu yai la mbu linaweza kuwa mbu anayeruka ndani ya siku saba hadi kumi. Usiku wenyewe silaha bora ni feni ya kusimama iliyowekwa chini, ikipuliza miguu chini ya meza. Mbu ni mruka dhaifu, upepo wa feni unamshinda, na miguu ndiyo anayoitafuta. Dawa ya mbu ya kuchoma washa mapema, kabla jua halijazama, kisha iondoe wageni wanapokaa. Harufu yake inaua harufu ya asumini, na chakula kinaonja dawa.

Taa za juu ziwe za mwanga wa njano, kwa sababu wadudu hukimbilia zaidi mwanga mweupe. Kama una balbu nyeupe kali, iwashe mbali, kule mwisho wa ua, wadudu waende huko. Mezani weka taa tatu au nne za chini: chemli mbili zilizofutwa vioo, na mishumaa ndani ya glasi pana zilizotiwa mchanga vidole viwili. Mchanga unashika mshumaa usianguke, na nta iliyoyeyuka hutapata shida kuitoa. Chaji taa mbili za akiba. Umeme ukikatika saa 2:30, uwe na la kufanya zaidi ya kulalamika.

Ua ufagie, kisha saa 10 alasiri unyunyize maji kidogo. Vumbi linatulia na ardhi inapoa.

Meza

Meza mbili za mita 1.2 zikiungwa zinatoa mita 2.4. Kila mtu anahitaji kama sentimita 60 za upana: wanne kila upande, mmoja kila kichwa, mmetimia kumi. Kama huna meza, tandika jamvi na mikeka ya ukindu, pakua kwenye masinia mawili, watu watano kwa sinia. Kwa moyo wangu mkeka ndio unaolegeza watu haraka zaidi, lakini fikiria magoti ya wazee. Mama mkubwa mwenye maumivu ya nyonga hatakwambia kitu, atateseka kimya. Ukitumia mkeka, weka viti viwili vitatu pembeni kwa ajili yao na sahani zao zipakuliwe kwa heshima hiyo hiyo.

Kitambaa kizuri kuliko vyote kwa meza hii ni doti ya kanga ambayo haijakatwa. Ikiwa bado imeungana ina urefu wa karibu mita 3 na upana wa kama mita 1.1, kwa hiyo inafunika meza ya mita 2.4 na kuning'inia vizuri kila upande. Nunua mpya, isiyowahi kuvaliwa. Mtaa wa Uhuru pale Kariakoo, Darajani Unguja na Mtaa wa Biashara Mombasa hutakosa rangi unayoitaka. Ifue peke yake kwa maji ya chumvi kwanza, kwa sababu kanga mpya hutoa rangi, na jasho la jagi la maji baridi linatosha kuihamishia rangi hiyo kwenye mkono wa gauni la mgeni.

Sasa angalia jina. Kanga nyingi zimebeba mafumbo na vijembe, na muuzaji hatakusomea. "Hasidi hana sababu" si neno la kumwekea wifi mbele ya sahani, hata kama pindo ni zuri namna gani. Tafuta jina la baraka au la kukaribisha, kama "Mgeni njoo mwenyeji apone". Kisha tandika na uangalie tena: kwenye doti isiyokatwa majina yote mawili yako upande mmoja wa nguo, kwa hiyo wageni wa upande wa pili wataona herufi zimepinduka, na wa upande huu sahani zitawafunikia maneno. Dawa yake ni kuikata doti katikati kama inavyokatwa kwa kuvaa, ukapindua pande moja ili kila upande wa meza uwe na jina lake, halafu usogeze sahani kidogo zisifunike maneno. Utawaona watu wanasoma kabla hawajaketi, na mazungumzo yanaanza yenyewe. Pindo la kanga mbili linapokutana katikati ya meza linatoa mstari mzuri wa kupangia taa na maua.

Juu ya kanga yenye mji wa rangi nyingi usiongeze rangi nyingi. Sahani nyeupe, hata kama hazifanani, zinatulia. Vitambaa vya kufutia mikono fundi cherehani atakukatia kwenye mabaki ya kitenge cha rangi moja, sentimita 40 kwa 40, na utavitumia miaka.

Chini ya masinia na bakuli tandika majani ya mgomba. Jani bichi likikunjwa hupasuka, kwa hiyo libabue kwanza: lishike kwa mikono miwili, lipitishe polepole juu ya moto wa makaa. Utaona rangi inabadilika mbele ya macho yako, ule ukijani uliofifia unageuka kuwa kijani kizito kinachong'aa, mstari unasogea kadiri unavyolivuta, na jani linalegea mkononi. Hapo ndipo linakunjika bila kuchanika. Lifute kwa kitambaa kibichi pande zote mbili.

Maua ni asumini. Si kwa sababu ya uzuri wa macho tu, bali kwa tabia yake: huchanua usiku. Nunua au chuma vitumba vilivyofumba alasiri, vile vyeupe vilivyovimba lakini bado vimefunga, uvifunge kwenye kitambaa kibichi na kuviweka kivulini. Saa 12 jioni vimwage kwenye vifuu vya nazi vilivyosuguliwa vikang'aa, vyenye maji kidogo. Wageni wanapokaa vinaanza kufunguka, na harufu inazidi kadiri usiku unavyoingia. Unaweza kuchanganya na mrehani na kilua, au kununua vikuba vilivyofungwa tayari kwa kina mama wanaouza, kimoja kwa kila sahani ya mgeni wa kike, avae au aondoke nacho. Langilangi nipe kidogo tu, na mbali na chakula, maana harufu yake inatawala. Udi vilevile: fukiza nyumba na mlango wa uani kabla wageni hawajaingia, kisha chetezo kitoke. Kitarudi wakati wa kahawa.

Urefu wa mapambo usizidi kiwiko kilichosimama mezani. Watu wanaokaa uso kwa uso lazima waonane. Shada refu la dukani lipeleke sebuleni. Nafasi zilizobaki zijaze kwa vitu vitakavyoliwa: ndimu zilizopasuliwa, pilipili mbuzi nyekundu na za manjano, maembe mabivu mawili matatu yaliyofutwa vumbi. Kisha acha. Meza inahitaji sehemu tupu, bakuli la wali likija lipate pa kukaa bila mtu kuhamisha ua.

Chakula: vichache, vingi vyake vimeshakwisha

Orodha yangu ni hii: wali wa nazi, samaki wa kupaka, kachumbari, achari ya embe mbichi, matunda, kahawa na haluwa. Kwa wasiokula samaki, kuku mmoja wa kuchoma kwa viungo hivyo hivyo. Vitafunio vya mwanzo viwe kachori au bagia za kunde kutoka kwa mama wa mtaani anayezijua vizuri. Agiza jana yake, umlipe, uzichukue saa 12. Hakuna sababu ya wewe kusimama kwenye karai la mafuta jioni hiyo. Pilau, biriani, sambusa, mishkaki na mkate wa kumimina kwa mpigo ndiyo njia ya uhakika ya kulala jikoni.

Kwa watu kumi na wawili nunua mchele kilo 2, nazi 8, samaki wanne wa kilo moja au kilo na robo kila mmoja, ndimu 20, nyanya kilo moja na nusu, vitunguu kilo moja, ukwaju nusu kilo, tangawizi, vitunguu saumu, iliki, bizari ya manjano, pilipili, majani ya giligilani, na makaa debe moja. Mchele wa Kyela unanukia wenyewe. Walioko Kenya wana pishori ya Mwea.

Samaki nenda mapema asubuhi, iwe Feri ya Dar, Malindi ya Unguja au popote boti zinaposhusha. Changu na kolekole wanavumilia moto. Jicho liwe safi na limejaa, shavu la ndani jekundu, na ukibonyeza nyama irudi. Mwambie mparaji magamba amtumbue vizuri, aache kichwa, na ulete deli yenye barafu. Joto la Januari halimsubiri samaki afike Tegeta kwa daladala.

Ijumaa usiku unafanya mambo matatu. Loweka ukwaju kwenye maji ya moto, ukamue, uchuje, uongeze maji mpaka lita 3, uweke jokofuni bila sukari. Tengeneza achari: embe mbichi vipande, chumvi, pilipili, ndimu, mafuta kidogo yaliyopitishwa bizari. Twanga viungo vyote vya samaki na kuku, uvifunike. Nazi usizikune leo, tui lililolala huchacha.

Jumamosi saa 9 alasiri mchanje samaki mipasuo mitatu kila ubavu, mpaka mfupani. Mpake chumvi, saumu, tangawizi, pilipili, umrudishe kwenye baridi. Ndimu iongeze saa moja kabla ya kuchoma tu. Ikikaa mchana kutwa nyama inaivishwa na ukali wa ndimu, inageuka nyeupe na kumomonyoka kwenye wavu.

Wakati huo zikune nazi, uzigawe mafungu mawili: tano za wali, tatu za samaki. Kwenye hizo tatu unataka tui la kwanza peke yake, zito, kikombe kimoja na nusu hadi viwili. Litie kwenye sufuria pana na kijiko kidogo cha bizari, saumu, tangawizi, pilipili na chumvi. Moto uwe mdogo, na mwiko usisimame mpaka lianze kuchemka, ukikoroga na kuchota na kumimina, la sivyo tui litakatika, mafuta huku na machicha huku. Endelea mpaka linapakaza mgongo wa mwiko na ukipitisha kidole njia inabaki wazi. Zima, kamulia ukwaju au ndimu. Hii sosi ikishafika hapo inakungoja, na ndiyo inayokupa uhuru wako.

Washa makaa saa 11. Saa 11:30, yakishafunikwa na jivu jembamba na hayatoi tena ulimi wa moto, paka wavu mafuta na uweke samaki. Upande wa kwanza dakika kumi hivi, usimguse. Akiwa tayari kugeuzwa anajiachia mwenyewe kwenye wavu, na ukilazimisha mapema ngozi inabaki chini. Geuza, dakika nane nyingine. Mtoe akiwa amekaribia kuiva kabisa, umfunike kwa jani la mgomba ndani ya sinia. Kuku aanze kabla yake, maana anachukua muda mrefu zaidi. Saa 2 usiku, jiko likichochewa upya, ni dakika tano tu za kumpaka tui na kumrudisha motoni kila upande mpaka tui lishike madoa ya kahawia. Kazi hiyo mpe kijana mmoja wa nyumbani au rafiki anayependa moto. Daima yupo.

Wali upike saa 12. Chemsha tui jepesi na chumvi na iliki, tia mchele uliooshwa, tui liwe kama kikombe kimoja na nusu hadi viwili kwa kikombe cha mchele, kulingana na mchele wenyewe. Likikaribia kukauka mimina tui zito juu, geuza mara moja, funika, punguza moto, na upalie makaa juu ya mfuniko. Ukiiva hamishia kwenye hotpoti. Utabaki wa moto hadi saa 2:20 bila kukusumbua.

Kachumbari ikatwe mwisho kabisa, na chumvi na ndimu vitiwe chakula kikiwa kinatoka. Mapema inajaa maji.

Vinywaji

Hesabu nusu lita ya maji na robo lita ya juisi kwa kila mtu, na barafu zaidi ya unavyodhani. Juisi ya ukwaju iwe jagi moja na sukari, jagi moja bila, na sukari ikae pembeni kwenye kibakuli. Mwenye kisukari hapendi kuombewa kinywaji chake kwa sauti. Madafu, kama unayapata, yakatwe juu wageni wanapofika. Soda zikae kwenye beseni la barafu, kila mtu ajichukulie.

Jioni yenyewe

Saa 12:20 meza imekamilika, wali uko motoni, samaki amefunikwa. Nenda ukaoge. Usiliruke hili kwa sababu ya kitu kidogo kilichobaki. Hicho kidogo hakuna atakayekiona, lakini uchovu wako wataona.

Tayarisha mahali pa kuswali: mikeka miwili mitatu, ndoo na kopo la udhu, na uelekeze kibla, ambacho kwa Dar es Salaam ni karibu kaskazini moja kwa moja. Taulo safi na sabuni bafuni. Muziki uwe chini ya sauti za watu. Udi wa kupigwa, ile ala ya nyuzi, wa Zein l'Abdin wa Mombasa unakaa vizuri na usiku wa namna hii, au taarab ya Culture Musical Club, na isimame wakati wa adhana.

Wageni wakifika, salamu kwanza, zote. Shikamoo kwa kila mkubwa, watoto waje wasalimie kabla hawajatawanyika. Mpe kila mtu kinywaji ndani ya dakika tano. Wasiojuana watambulishe kwa jambo la kuwaunganisha: "Huyu ni binamu yangu, naye alisoma Tanga." Hapo umeshamaliza, waachie.

Kabla ya kula, birika na bakuli la kunawia lizunguke, maji ya vuguvugu yenye kipande cha ndimu, kijana akimmiminia mzee kwanza. Vijiko viwepo mezani kwa anayevitaka, na mwenye kutaka kula kwa mkono aone mwenyeji anakula kwa mkono. Mtu aombe dua. Chakula kitoke chote kwa pamoja, kiwekwe katikati, bakuli mbili za wali, moja kila nusu ya meza, samaki wazima kwenye majani. Wazee wapakuliwe, wengine wajipakulie. Kisha keti, na ule.

Ndugu zako watasema wewe tulia tu, tutakuondolea vyombo. Kubali, lakini vyombo viishie kwenye karo. Hakuna kuosha usiku huo. Sauti ya sufuria jikoni inawaambia wageni kwamba muda umekwisha.

Kahawa ije kama nusu saa baada ya kula: chungu, yenye tangawizi, kwenye vikombe vidogo, na haluwa kwenye kisahani. Hapa unaweza kuhamisha watu kutoka mezani kwenda mikekani, chetezo kirudi, taa mbili zizimwe. Maongezi mazuri ya usiku mara nyingi huanzia hapa, na ndiyo maana ulijibana siku nzima.

Kufungasha na kufua

Samaki na wali visikae nje zaidi ya saa mbili katika joto hili, na vyenye tui ndivyo vinavyochacha kwanza. Fungasha vya wageni mapema, kilichobaki kilaze jokofuni, na kiporo kipashwe mpaka kitoe moshi. Mzee wa mbali mtafutie usafiri kabla hajaanza kuulizia, na msindikize hadi barabarani.

Kanga zikiwa na doa la bizari, zifue asubuhi kwa sabuni ya mche, uzianike juani zikiwa bado na unyevu, upande wenye doa ukitazama jua. Jua hupausha bizari. Likibaki doa rudia siku ya pili. Usipige pasi kabla halijatoka, moto utalifunga. Zikishakauka, zikunjwe kwa pindo, tayari kumpelekea shangazi yako, aliyezisifia usiku kucha.